Somo: Kuchagua rimoti ya kuwashia fataki, kwa tunaorusha nyumbani Uingereza

Wadau, Novemba inanukia na maswali yameanza: ninunue ipi? Wengi hutazama mambo mawili, idadi ya njia (yaani fataki ngapi unaweza kuziwasha moja moja) na umbali ulioandikwa kwenye boksi. Yote mawili yasubiri. Kuwasha fataki, hata mtambo wa bei chee utawasha. Unachonunua hasa ni uwezo wake wa kunyamaza pale ambapo hujauamuru.

Nazungumza na walioko England na Wales, wenye umri wa miaka 18 na zaidi, wanaotumia fataki za dukani za daraja F2 na F3. Za F4 ni za wataalamu waliosomea, hazituhusu. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina masharti yake, someni ya kwenu.

Hatua ya 1: Pima uwanja kabla ya kufungua pochi

F2 inataka watazamaji wawe mita 8 au zaidi kutoka fataki, F3 mita 25. Chukua utepe upime. Bustani ikikosa mita 25, F3 haiingii hapo, na rimoti haikusaidii kitu: inamwondoa mwashaji tu, wageni bado wako pale pale. Hapa watu huchanganya sana.

Saa nazo zina sheria. Mwisho ni saa tano usiku, isipokuwa tarehe 5 Novemba, usiku wa Guy Fawkes ambao Waingereza hurusha fataki, unapoongezewa hadi saa sita. Mkesha wa Mwaka Mpya, Diwali na Mwaka Mpya wa Kichina ni hadi saa saba. (Mlioko Leicester, jirani na wazee wa Kihindi waliotoka Kampala na Kisumu, Diwali hamhitaji kukumbushwa.) Barabarani na maeneo ya umma ni kosa, saa yoyote ile.

Hatua ya 2: Amua kiwashio kwanza, mtambo baadaye

Viwashio, yaani vile vinavyokaa kwenye fataki yenyewe na kuishika moto, viko vya aina mbili. Kuna kiberiti cha umeme, chenye tone la baruti kwenye ncha. Kinawaka papo hapo, lakini kinaweza kushtuka kwa msuguano, na vingi viko daraja P2, yaani ni vya wenye ujuzi maalumu. Achana navyo.

Kuna kibanio: kipande cha plastiki chenye waya mwembamba kinachobana utambi. Hakina baruti. Umeme ukipita, waya unapata moto na utambi unashika. Hiki ndicho chetu.

Sasa angalia mtego wake. Kibanio kinahitaji umeme ukae kidogo, sekunde moja hivi au zaidi, wakati mitambo mingine imetengenezwa kwa ajili ya viberiti vya umeme na hutoa mshtuo mfupi mno. Utabonyeza, taa itamulika, utambi utabaki baridi. Kabla ya kulipa muulize muuzaji: je, unafanya kazi na vibanio, na muda wa umeme unarekebishika? Akibabaika, hama duka.

Tena, utambi wenyewe huchukua sekunde kadhaa kuungua. Usitegemee mlipuko uangukie kwenye pigo la ngoma, na usikate utambi wala kutoboa keki (fataki ya mirija mingi iliyofungwa pamoja) ili kuharakisha mambo. Fataki iliyochokonolewa si ile iliyopimwa kiwandani.

Hatua ya 3: Waya au hewani?

Kwa anayeanza nasema waya. Kisanduku chenye swichi ya ufunguo, nyaya ndefu hadi kwenye fataki, basi. Hakuna mawimbi ya mtu mwingine yanayoingia. Kero yake ni kukunja nyaya kwenye matope usiku wa manane.

Ukitaka isiyo na waya, uliza masafa. Nyingi za bei nafuu ziko megahezi 433, masafa yale yale ya funguo za magari, kengele za milango na mageti. Zingine hutumia namba ya siri isiyobadilika, hivyo jirani mwenye boksi kama lako anaweza kukuwashia keki ukiwa umeinama juu yake. Na usiku wa tarehe 5 Novemba majirani wenye maboksi hawakosekani. Zilizo bora hapa Ulaya nyingi hutumia megahezi 868 na huwasiliana pande mbili: kipokezi, kile kisanduku kinachokaa karibu na fataki, kinairudishia rimoti taarifa kwamba betri iko hivi, njia ya tatu haijaunganika. Bei inapanda, lakini hapo pesa yako imefanya kazi.

Hatua ya 4: Majaribio ya mezani

Ukishaununua, ukae nao ndani ya nyumba bila fataki yoyote, na balbu ndogo zikiwa mahali pa viwashio. Washa kipokezi, zima, washa tena: balbu ikimulika yenyewe hata mara moja, rudisha dukani. Zima rimoti katikati ya kazi, toa betri yake, sogea mbali hadi mawasiliano yakatike. Mtambo wa maana ukipoteza mawasiliano hukaa kimya. Chomoa ufunguo kisha bonyeza kila kitufe, pasitokee kitu. Mwisho weka hali ya kukagua nyaya, ile inayopima kama kila njia imeunganika: umeme wake unapaswa kuwa mdogo mno kiasi cha kutowasha chochote. Boksi lisilo na ufunguo wala hali ya kukagua, mimi silinunui hata likiwa nusu bei.

Hatua ya 5: Idadi ya njia

Hesabu fataki zako, kiwashio kimoja kwa njia moja, ongeza chache za akiba. Keki moja ina mirija mingi ndani yake, kwa hiyo onyesho la nyumbani halihitaji njia nyingi.

Hatua ya 6: Usiku wenyewe

Mtambo ukiwa umezimwa, unganisha nyaya. Ufunguo ukae mfukoni mwa yule aliye kwenye fataki, si kwa shemeji aliye kwenye nyama choma. Usiweke kichwa juu ya mrija. Kukagua nyaya kufanyike kila mtu akiwa ameondoka. Fataki isipowaka, zima, toa ufunguo, subiri nusu saa, kisha imwagie maji mengi. Usiijaribu tena.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kuna mitambo inayopangwa kwa kompyuta na kufuata muziki. Niruke moja kwa moja huko?*

Bado, kaka. San Diego, Marekani, tarehe 4 Julai 2012, wataalamu kabisa walikuwa na onyesho lililopangwa kwa kompyuta, na karibu fataki zote zililipuka kwa pamoja chini ya dakika moja. Maelezo yalikuwa hitilafu ya faili za kompyuta. Hakuna aliyeumia, kwa sababu umbali ulizingatiwa. Anza na kubonyeza kwa mkono.

*Mjomba wangu fundi umeme anasema atanitengenezea kwa kengele ya mlango isiyo na waya. Vipi?*

Mshukuru mjomba, umwombe akusaidie kwenye majaribio ya mezani. Kengele haina ufunguo wala hali ya kukagua, na imetengenezwa iitikie kila inapodhani imeitwa. Ikikosea mlangoni unaamka bure. Ikikosea hapa unaungua.

*Dada yangu anaolewa Mombasa Desemba. Nibebe mtambo na fataki?*

Hongereni. Fataki haziruhusiwi kwenye ndege, si begi la mkononi wala la chini, na viwashio vyenye baruti vivyo hivyo. Kenya fataki zinataka kibali. Mtafuteni mwenye nacho huko huko. Mtambo wako uache nyumbani, hutapenda kuueleza pale kwenye mashine ya ukaguzi.

*Baridi na mvua vinaathiri?*

Sana. Betri hupungua nguvu kwenye baridi, na waya wa kibanio unataka umeme wa kutosha. Weka betri mpya au zilizojaa, zikae ndani hadi dakika za mwisho. Kipokezi kiingie kwenye mfuko wa plastiki, kiinuliwe juu ya nyasi, upande mdomo wa mirija usikoelekea. Kama upepo unavuma kuelekea kwa wageni, hapo hakuna mtambo wa kununua. Fungasha, mrushe Jumamosi inayofuata.