Mambo ya kuzingatia kabla hujakubali kazi ya kupiga piano hotelini

Naandika haya kwa vijana wanaopiga piano ya jazz Dar, Arusha na Unguja, ambao mikono imeshaiva lakini mfuko bado. Kupiga mnajua. Kutafuta kazi, kuipata na kutoka nayo salama ni elimu nyingine, na wengi wetu tumeipata kwa kuumia.

Anza na kalenda. Pwani yetu wageni huja kwa wingi Julai hadi Septemba, kisha Desemba hadi Februari. Meneja anayetaka mpigaji wa Desemba huwa ameshaamua Oktoba, kwa hiyo ukibisha hodi tarehe 10 Desemba utakuta watu wameshakula na vyombo vimeoshwa. Aprili na Mei ni masika. Baadhi ya hoteli za ufukwe wa mashariki wa Unguja hufunga kabisa, na mwezi wa Ramadhani muziki visiwani hupumzika. Kodi ya nyumba ya miezi hiyo iweke pembeni mapema. Tarehe moja ya kuiwahi ni 30 Aprili, Siku ya Kimataifa ya Jazz, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2011. Hoteli za mjini, balozi na vituo vya utamaduni hupenda kuandaa kitu siku hiyo. Peleka barua yako Februari.

Muulize mwenye kazi anamaanisha nini akisema jazz. Nchini kwetu neno hilo lina ukoo wake. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz, Western Jazz, zote zilipiga dansi, na mzee anayekuita kwenye harusi ya binti yake akisema anataka jazz, anataka watu wasimame wacheze. Meneja wa hoteli ya kitalii akisema neno hilohilo anataka muziki wa chini chini ambao mgeni anaweza kuongea juu yake bila kupaza sauti. Ukikosea hapo umeharibu usiku wa mtu. Jifunze nyimbo kumi za zilipendwa kwa piano, uzijue vizuri. Usione unajishusha: huo ni muziki mzito, na bezi yake itaunyoosha mkono wako wa kushoto kuliko zoezi lolote la kitabuni.

Rekodi video mbili fupi, mikono ionekane. Nenda hotelini mwenyewe, saa tisa alasiri, chakula cha mchana kikiwa kimeisha na cha jioni hakijaanza. Muulizie meneja wa chakula na vinywaji, maana mapokezi hawaajiri wanamuziki. Shati lipigwe pasi. Ukiwa Unguja, pitia Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002. Wapigaji wa bezi na saksofoni wengi wa kisiwani wamepita pale, na kazi nyingi hutoka mdomoni mwa mwanamuziki mwenzako kabla hazijatoka kwa meneja.

Sasa nisikilizeni vizuri, hili ndilo lililonifanya nikae niandike. Msikubali kazi wala kutaja bei kabla hamjaiona piano yenyewe na kuibonyeza yote.

Mwaka mmoja, mwezi wa kumi na mbili, nilipigiwa simu na hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Usiku 14, watu wawili, mimi na mwenzangu wa saksofoni, shilingi 120,000 kila mmoja kwa usiku, kulala na kula juu yao. Nikauliza, "Piano ipo?" Meneja akajibu kwa fahari, "Ipo, tena piano ya kweli, siyo kinanda." Nikafurahi. Mpiga piano wa Tanzania anayepiga kinanda cha umeme mwaka mzima akisikia piano ya kweli anasahau kuuliza maswali mengine. Kinanda changu nikakiacha Dar. Tukapanda boti.

Tulifika saa kumi jioni, kazi ikiwa saa moja na nusu. Piano ilikuwa nyeusi, inang'aa, imekaa ukumbini ikitazama bahari, juu yake chombo cha maua na alama nyeupe za glasi za maji. Nikafungua kifuniko, harufu ya panya ikanipiga usoni. Nikabonyeza noti ya A ya katikati. Mwenzangu akapuliza A yake. Tukaangaliana. Nikatoa simu, nikafungua programu ya kupimia sauti: mitetemo 417 kwa sekunde. A ya piano inatakiwa iwe 440, na 415 ni G#, noti inayoifuata kwa chini. Yaani piano nzima ilikuwa imeshuka karibu nusu sauti.

Mwenye saksofoni anaweza kuvuta mdomo wa chombo chake kidogo akashuka kidogo. Kushuka nusu sauti hawezi. Akilazimisha, chombo kinaachana chenyewe kwa chenyewe. Ikabaki mimi ndiye nihame. Yeye akipiga wimbo kwa Bb, mimi napiga kwa B. Yeye F, mimi F#. Nyimbo zote nilizozizoea kwa miaka, usiku kucha, nusu sauti juu ya pale vidole vyangu vilipozijua. Na hata hapo hatukukutana sawasawa, maana 417 siyo 415. Kila noti ndefu ilikuwa na mtikisiko ndani yake, kama redio iliyo pembeni kidogo ya stesheni. Juu ya hayo, vibonyezo kumi na sita vilikuwa vikishuka havipandi. D iliyo karibu kabisa na katikati ilikuwa mojawapo. Nilikuwa naibonyeza, halafu naiinua kwa ukucha wa kidole gumba cha kushoto kabla haijahitajika tena. Usiku wa pili ukucha ulikuwa unavuja damu.

Wageni hawakujua kwamba tatizo ni piano. Walichosikia ni watu wawili wasiojua kazi. Usiku wa nne meneja akatuita, akasema wageni hawajaridhika, kesho tuondoke. Akatulipa usiku nne. Zile kumi nyingine, alisema, hatukuandikiana. Ni kweli, hatukuandikiana. Nauli ya kurudi tulijilipia, na mwenzangu alikuwa amekataa kazi nyingine ya mwaka mpya kwa sababu yangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Baadaye fundi mmoja wa piano alinikalisha akanieleza, nami nawaeleza ninyi. Piano ina nyuzi zaidi ya 200, na zote kwa pamoja zinavuta fremu kwa nguvu ya tani nyingi. Zikiachwa miaka bila kutyuniwa, yaani kukazwa zirudi kwenye sauti yake, zinalegea, na sauti inashuka pole pole bila mwenye piano kugundua, kwa sababu imeshuka yote pamoja. Mwenye hoteli akibonyeza kibonyezo kimoja anasikia mlio mzuri tu. Pwani hali ni mbaya zaidi: mchana kiyoyozi kinakausha mbao, usiku milango inafunguliwa upepo wa bahari unaingia, mbao zinavimba. Kitambaa kidogo kilichomo ndani ya kila kibonyezo nacho kinavimba kwa unyevu, ndiyo maana kibonyezo kinashuka hakirudi. Chumvi inaotesha kutu kwenye nyuzi. Piano ya namna hiyo huwezi kuitengeneza siku ya shoo. Fundi akizivuta nyuzi zenye kutu kutoka 417 hadi 440 kwa mkupuo, nyingine zinaweza kukatika. Anapandisha kidogo kidogo, anaondoka, anarudi tena, kwa sababu hata zile zisizokatika zinashuka tena baada ya kuvutwa. Kwa hiyo meneja akikwambia "fundi atakuja asubuhi ya siku hiyo", jua hajui anachosema, na mweleze kwa heshima.

Kama uko mbali, huwezi kwenda kuiona, omba video. Usiombe video ya mtu akipiga wimbo, maana wimbo unachagua vibonyezo vizima. Mhudumu yeyote abonyeze vyote 88, kimoja kimoja, kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa, simu ikiwa karibu, halafu akanyage kila pedali. Ni dakika tatu. Msikilize, huku programu ya kupimia sauti ikiwa wazi. Muulize ilityuniwa lini mara ya mwisho na nani. Asiyejua tarehe, haijatyuniwa. Kisha andika kwenye makubaliano, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: piano itatyuniwa kwa A 440 ndani ya siku saba kabla ya usiku wa kwanza, isipowezekana, hoteli itakodi kinanda cha vibonyezo 88 vyenye uzito wa piano, au italipia usafiri wa kinanda cha mpigaji. Meneja mwema hatakasirika. Na akikasirika, umejua mapema.

Maadamu mmefika kwenye kuandikiana, yaandikeni na mengine. Siku ngapi, saa ngapi hadi saa ngapi, mapumziko mangapi, chakula gani (chakula cha wafanyakazi au cha wageni, semeni waziwazi), nani analipa boti, na wakikatisha kazi katikati wanalipa kiasi gani. Omba nusu kabla ya kuanza. Mali bila daftari huisha bila habari, na ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe na kiasi, uliojibiwa "sawa", ni daftari pia. Hoteli nyingine ndogo hazitakupa zaidi ya huo. Meneja huhama. Aliyekuahidi mwezi wa tisa anaweza asiwepo mwezi wa kumi na mbili, na mpya atataka kuona karatasi.

Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ukiwa Bara. Zanzibar wana baraza lao la sanaa, ulizia huko kabla hujavuka. Pata TIN, namba ya mlipakodi. Hoteli inayolipa kwa utaratibu itakukata kodi ya zuio, asilimia 5 kwa mkazi, na inatakiwa ikupe cheti chake. Wapigaji wengi hawakidai hicho cheti. Wakati wa kufanya hesabu yako ya mwaka utakitafuta.

Kwenye bei, msiuane. Kijana akienda kwa meneja na kusema "yule anachukua 120, mimi nitapiga kwa 60", amepata kazi ya mwezi mmoja, na mwaka unaofuata yupo mwingine wa 30. Ukialikwa mahali ambapo mwenzako anapiga, mpigie simu kwanza, "Kaka, pale bado upo?" Hilo tu. Nimepata kazi nyingi kutoka kwa watu niliowapigia simu hiyo.

Beba vyako hata ukiambiwa vipo: pedali, waya mbili, ekstensheni, taa ndogo ya kusomea noti, betri za taa. Umeme ukikatika na jenereta ikawaka, kuna mshtuko unaopita kwenye nyaya, na kinanda kisicho na kinga kinaweza kuungua palepale. Nunua kifaa cha kinga ya umeme kabla hujanunua viatu vipya. Spika na meza wabebe vijana wa hoteli, wape chochote. Kidole kikibanwa mlangoni mkataba wako hauna mahali pa kukilipia.

Usinywe pombe kabla hujamaliza, na hata soda ya bure ukiipokea, mshukuru aliyekuletea kwa jina lake. Wahudumu ndio wanaojua mgeni gani anataka kuandaa sherehe mwakani. Mgeni akikupa zawadi ya fedha mkononi, uliza kwanza utaratibu wa hoteli. Usitoe namba yako kwa wageni mbele ya meneja. Usiku ukimaliza saa sita usipande bodaboda na kinanda mgongoni, hata kama ni karibu. Omba usafiri uwe ndani ya makubaliano, au lala hapohapo. Na kabla hujatoka ukumbini inama uangalie chini ya kiti, pedali yako ipo pale.