Karatasi za Mzigo wa Hatari: Namna ya Kuzisoma na Kuzipanga Kabla ya Kuwasha Lori

Lori likipinduka na wewe umezirai, zimamoto atakayefungua mlango wako atatafuta kitu kimoja: karatasi inayosema umebeba nini. Ndiyo maana nazichukulia karatasi hizi kwa uzito kuliko breki.

Nabeba kemikali za viwandani hapa Marekani. Madereva wa Kiswahili tumekuwa wengi kwenye barabara za huku, wa kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, na kila mwezi nakutana na mwenzetu aliyepata herufi H, kibali cha kubeba mizigo ya hatari, kwenye leseni yake ya CDL, ile ya magari ya biashara, lakini karatasi zenyewe hajafundishwa na mtu. Sheria yake iko kwenye 49 CFR, kanuni za serikali kuu ya Marekani, sehemu ya 172, na ya malori iko sehemu ya 177. Inataka karatasi iandikwe kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yaliyomo nitayaacha kama utakavyoyakuta.

Hatua ya 1: Tenga mzigo wa hatari na mzigo wa kawaida

Karatasi moja inaweza kuwa na mapipa ya asidi na maboksi ya sabuni. Mzigo wa hatari lazima uonekane mara moja: uandikwe wa kwanza kabisa, au kwa rangi tofauti, au uwekewe alama ya X kwenye safu yenye kichwa HM (hazardous material, mzigo wa hatari). Mahali pa X unaweza kukuta RQ (reportable quantity). Hiyo inakuambia kwamba kilichomo kwenye chombo kimoja kinafikia kiwango ambacho kikimwagika ni lazima kitolewe taarifa serikalini.

Hatua ya 2: Soma mstari mkuu, kisha nenda ukaangalie mapipa

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Mstari una vitu vinne, na mpangilio wake haubadiliki: namba ya utambulisho, jina rasmi, daraja la hatari, kundi la ufungashaji. Petroli huandikwa hivi:

UN1203, Gasoline, 3, PG II

Daraja la 3 ni vimiminika vinavyowaka. Kundi linaonyesha ukubwa wa hatari: I ni kubwa, II ya kati, III ndogo. Gesi hazina kundi, kwa hiyo usishtuke ukiona klorini, UN1017, imeishia kwenye daraja 2.3 na hatari zake za ziada. Jina likiwa la jumla, lile linaloishia na n.o.s. (not otherwise specified, yaani halikutajwa kwingine), mara nyingi hutakiwa jina la kemikali yenyewe liandikwe ndani ya mabano. Likikosekana, uliza kabla hujapokea.

Asubuhi moja nilipewa karatasi iliyosema UN1791, Hypochlorite solution, ndugu yake dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ila kali zaidi. Nikazunguka nyuma ya trela kusoma lebo. Mapipa yaliandikwa UN1789, asidi ya hidrokloriki. Zote ni daraja la 8, yaani kemikali zinazobabua, vibao vya hatari vinavyobandikwa ubavuni mwa lori vingekuwa vilevile, na mapipa yote ya ghala lile yalikuwa ya buluu. Lakini kemikali hizo mbili zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, gesi inayoua. Na katika kitabu cha dharura cha ERG (Emergency Response Guidebook), namba 1791 inampeleka zimamoto kwenye mwongozo wa 154, wakati 1789 inampeleka kwenye 157, ambao ni wa kemikali zinazoathiriwa na maji. Mfikirie mtu yule amekuja na mpira wa maji mkononi, akiamini namba niliyompa mimi.

Karani alinitaka nikate kwa kalamu nirekebishe. Nilikataa. Anayethibitisha maelezo hayo kwa saini ni mtuma mzigo, si dereva. Nilisubiri zaidi ya saa mbili hadi karatasi mpya ikachapishwa, na ningesubiri siku nzima.

Hatua ya 3: Hesabu

Lazima pawe na idadi na aina ya vyombo, pamoja na jumla ya kiasi na kipimo chake: mapipa 4, pauni 2,200, kwa mfano. Namba bila kipimo haina maana. Jumla hii ndiyo pia inayoamua vibao: kwa madaraja mengi, ukifika pauni 1,001 (kilo 454) lazima ubandike pande zote nne, lakini vitu kama gesi za sumu za daraja 2.3 hubandikwa vibao hata kiasi kikiwa kidogo.

Hatua ya 4: Namba ya simu ya dharura

Iwe na msimbo wa eneo (area code), na iwe inapokelewa muda wote mzigo ukiwa safarini, saa nane usiku ikiwemo. Anayepokea awe anaijua kemikali hiyo au awe na njia ya kumfikia mara moja anayeijua. Simu inayosema "acha ujumbe tutakupigia" haikubaliki kisheria. Kama namba ni ya shirika linalotoa huduma hiyo kwa mkataba, jina la mtuma mzigo au namba ya mkataba iwe imeandikwa kwenye karatasi.

Hatua ya 5: Saini na kurasa

Angalia uthibitisho wa mtuma mzigo na saini yake. Kurasa zikizidi moja, ya kwanza ionyeshe jumla, kama "Page 1 of 3". Hesabu uhakikishe zote unazo.

Hatua ya 6: Maelezo ya dharura

Wengi wetu tunatumia kitabu cha ERG. Kurasa za njano unatafuta kwa namba, za buluu kwa jina, za machungwa ndiyo miongozo yenyewe, za kijani zina umbali wa kuwaondoa watu kwa kemikali za sumu. Fungua mwongozo wa mzigo wako kabla ya safari, usisubiri moshi. Petroli ni mwongozo wa 128: tangi likishika moto, watu waondolewe mita 800 kila upande. Umbali huo uwe kichwani mwako tayari.

Hatua ya 7: Mahali pa kuziweka

Ukiwa umefunga mkanda, karatasi ziwe mahali mkono wako unapofika, na zionekane wazi kwa anayeingia ndani ya kichwa cha lori, au ziwe kwenye mfuko wa mlango wa dereva. Ukishuka, ziache kwenye mfuko huo au juu ya kiti cha dereva. Kama ziko pamoja na karatasi nyingine, ziwe juu au ziwe na kitambulishi pembeni. Mimi nimechagua mfuko wa mlango, na sibadilishi, kwa sababu karatasi za kwenye kiti huanguka upepo ukiingia. Nimeona madereva wakienda kuoga kituoni na karatasi chini ya kwapa, na wengine wanazilaza kwenye kitanda cha nyuma. Lori linabaki bila ulimi. Picha kwenye simu nayo haitoshi: simu yako ina neno la siri, na wewe umezirai.

Mkaguzi wa mizani akiziomba, mpe, kisha zirudi mlangoni kabla hujatia gia.

Hatua ya 8: Baada ya kushusha

Tangi la petroli lililomwagwa bado lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Hadi lisafishwe au lijazwe kitu kisicho na hatari, vibao vinabaki na karatasi inabaki, na inaweza kuwa na maneno "RESIDUE: Last Contained" (mabaki: mzigo wa mwisho uliokuwamo) pamoja na mstari wa maelezo. Kampuni yako itunze nakala mwaka 1 tangu ilipopokea mzigo, mtuma mzigo miaka 2. Ukibeba taka za hatari, hati yake ni tofauti, na hutunzwa miaka 3.