Nguo za kuvaa ndani ya suti kavu: kwa wapiga mbizi wa kwetu waliohamia kwenye maji ya baridi

Kama ulijifunza kupiga mbizi Mnemba, Mafia au Diani, huenda vazi lako la kwanza lilikuwa suti ya neoprini ya milimita tatu, na wapo waliozama na kaptura na fulana wakatoka salama. Bahari ya kwetu ni nadra kushuka chini ya nyuzi 25. Uingereza hesabu ni nyingine, na huko wengi huvaa suti kavu, ile isiyoruhusu maji kuingia. Pwani ya kusini maji hufika nyuzi 17 hivi mwishoni mwa kiangazi na kushuka hadi 8 au 9 kuelekea mwezi wa tatu, na Scotland ni baridi zaidi. Kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji, kama Stoney Cove kule Leicestershire ambako vilabu vingi hufanyia mazoezi, wakati wa baridi unaweza kukuta nyuzi 5.

Kalenda ya nchi kavu isikudanganye. Bahari huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa, kwa hiyo Novemba maji ya kusini huwa na afadhali kuliko Aprili, hata kama Aprili jua linawaka na watu wako ufukweni na aiskrimu. Walioko Canada karibu na Maziwa Makuu nao wajue kwamba chini ya maji ya juu yenye uvuguvugu kuna nyuzi 4 hata katikati ya Julai, kwa sababu maji yasiyo na chumvi huwa mazito kuliko wakati wowote yanapofika nyuzi hizo, nayo hutulia chini. Nguo ichaguliwe kwa joto la kina unachokwenda, si kwa joto la maegesho ya magari.

Suti kavu yenyewe, hasa ile nyepesi ya kitambaa cha tabaka tatu, haina joto kuliko koti la mvua. Kazi yake ni kuzuia maji. Kinachokupa joto ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi za nguo ulizovaa ndani, na maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, ndiyo maana tone linalopenya shingoni unalisikia mara moja. Kwa maoni yangu, mwenye bajeti ndogo anunue suti ya wastani isiyovuja, halafu fedha iliyobaki aipeleke ndani. Wengi tunafanya kinyume: suti ya jina kubwa, na chini yake traksuti mbili na sweta la mitumba.

Tatizo la traksuti na sweta hizo mara nyingi ni pamba. Pamba hunywa jasho na kulishikilia. Unavaa vifaa vizito huku umefunga zipu, unatembea na mtungi mgongoni, unatoka jasho, kisha unashuka kwenye nyuzi 8 ukiwa umelowa kabla bahari haijakugusa. Nguo inayogusa ngozi iwe sufu ya merino au poliesta ya michezo, yenye mikono mirefu na suruali ndefu, na soksi pia zisiwe za pamba. Haina haja iwe na lebo ya duka la mbizi. Zile za watu wa ski na wapanda milima zinafanya kazi ileile, na mwisho wa msimu wa baridi bei hupunguzwa. Na zipu ya suti uifunge dakika za mwisho, hata kama mwenzako anakuharakisha.

Juu ya hapo ndipo linapokaa vazi la joto lenyewe, ovaroli au vipande viwili. Aina mbili utakazokutana nazo zaidi ni flisi (kitambaa laini chenye manyoya) na Thinsulate (kijazio cha nyuzi nyembamba sana), na mara nyingi unene huandikwa kwa gramu za kila mita ya mraba: 100, 200, 400. Kwa maji ya nyuzi 13 na kuendelea, flisi nzuri inawatosha wengi. Kati ya 8 na 12, Thinsulate ya 200 juu ya merino ni mwanzo mzuri. Chini ya hapo watu huenda kwenye 400, au huongeza kizibao juu ya ile ya 200. Hizi si amri. Mtu mwembamba, au anayeelea taratibu akipiga picha, atahitaji zaidi ya yule anayepiga mapezi muda wote.

Gramu peke yake hazitoshi kukuamulia, kwa sababu maji huibana suti pamoja na nguo zilizo ndani yake. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, kwenye mita 30 ni mara nne. Unaongeza hewa kwenye suti kupitia vali ya kifuani, lakini hewa hupanda: ukiwa umesimama inakimbilia mabegani, na miguuni suti inabanwa dhidi ya ngozi. Nguo yenye manyoya laini yaliyovimba hulala bapa hapo, na joto linakwisha. Ndiyo sababu koti la manyoya ya bata, linalokuokoa kituo cha basi mwezi wa kwanza, ni chaguo baya kabisa ndani ya suti. Likibanwa halifai, likilowa ndiyo limekwisha. Nyuzi nyembamba za Thinsulate hustahimili kubanwa, na hubaki na sehemu ya joto lake hata zikilowa. Suti zote huvuja siku moja, kwa hiyo sifa hiyo ya pili usiidharau.

Angalia pia begani na mkono wa kushoto, ambako kwa kawaida huwa na vali ya kutolea hewa. Nguo yenye manyoya marefu ikijibana pale inaweza kuziba njia ya hewa, na hewa isiyotoka wakati unapanda itakupandisha kasi usiyoitaka.

Kila hewa unayobeba ndani hukuelesha, nayo hudai risasi kiunoni, yaani vipande vizito vya madini ya risasi vya kukuzamisha. Ukibadilisha nguo, pima uzito upya: mtungi ukiwa na hewa kidogo, baa 50 hivi (baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa mtungini), uweze kutulia kwenye mita 5 suti ikiwa na hewa ya kukutosha kwa joto. Mtu anayepunguza risasi kwa ajili ya sifa hulazimika kubana hewa yote itoke, kisha anatetemeka katika kituo cha mwisho, pale anapotulia kidogo kabla ya kutoka majini, pale pale ambapo angepaswa kuwa na joto. Majaribio ya Jeshi la Majini la Marekani yaliyochapishwa 2007 yalionyesha kwamba baridi wakati wa kupanda huongeza hatari ya ugonjwa wa mapovu ya naitrojeni, yale yanayojitokeza mwilini mtu anapopanda. Anayekwenda Scapa Flow, kwenye visiwa vya Orkney kaskazini mwa Scotland, kuona manowari za Kijerumani zilizozamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 21 Juni 1919, atashuka mita 30 hadi 40 na zaidi, na atapanda polepole. Avae kwa ajili ya dakika zile za mwisho.

Fulana za kupasha joto kwa betri zipo na zinasaidia, ila zisiwe tegemeo. Betri ikizima chini, nguo zako za kawaida lazima ziwe zinakutosha kumaliza mbizi salama.

Kabla ya kulipa, vaa kila kitu pamoja na suti yenyewe. Chuchumaa, jikumbatie, kisha nyoosha mkono nyuma ya kichwa kana kwamba unafikia vali ya mtungi. Ukishindwa dukani, majini utashindwa zaidi. Vaa na soksi za sufu ndani ya buti, kwani buti ikibana damu haipiti na vidole vinaganda hata soksi ziwe tatu. Glavu kavu zenye glavu nyembamba za sufu ndani ni bora kwa maji ya chini ya nyuzi 10.

Nguo za mkono wa pili si vibaya, mradi kitambaa hakijalala magotini na makalioni. Ukifua, fuata lebo na usitie kilainishi, kwa sababu huacha utando kwenye nyuzi na jasho halipiti tena. Mbizi ya kwanza na nguo mpya ifanyie mahali ambapo sakafu iko mita 6, na mwenzako awe na kilo mbili za risasi za ziada mfukoni.