SOMO: Sayari ya stori yako, badilisha kitu kimoja alafu kifuate mpaka jikoni

Salamu kwenu wote mnaoandika. Leo naleta somo la kitu nnachokipenda kuliko vyote kwenye uandishi, kujenga sayari nyingine, iwe stori yako ni bunilizi ya kisayansi au fantasia. Nimesoma kazi nyingi za wenzetu ambazo wahusika wako hai kabisa na lugha inatiririka, alafu ukifika kwenye sayari yenyewe unakuta ni dunia hii hii imepakwa rangi ya zambarau, jua linachomoza asubuhi, watu wanapumzika saa saba mchana, mwezi mpevu unatoka usiku, tofauti ni jina la mahali tu. Inaniuma kwa sababu najua mwandishi alikuwa na uwezo wa kutupeleka mbali zaidi, ni vile hakuna aliyemwonesha njia.

Njia yangu mimi ni hii: badilisha kitu kimoja kikubwa, alafu kifuate kokote kinakoenda, mpaka kwenye mwili wa mtu, mpaka jikoni kwake, mpaka kwenye ulimi wake. Kimoja tu. Ukibadilisha kumi hutaweza kuvifuata vyote na msomaji atachoka.

Hatua ya 1: chagua badiliko

Usianze kubuni kabla hujaangalia vilivyopo, maana majirani zetu tu humu kwenye mfumo wa jua wana mambo ambayo ukiyaandika mtu atadhani umetunga. Zuhura inajizungusha taratibu mno, mzunguko mmoja ni siku 243 za dunia wakati mwaka wake ni siku 225, yaani mwaka unaisha kabla sayari haijamaliza kujigeuza, na jua lake linatokea magharibi. Uranusi imelala ubavu, mhimili wake umeinama nyuzi 98, kwa hiyo ncha moja inakaa kwenye mwanga miaka 42 alafu inaingia gizani miaka 42. Hebu fikiria mtoto anayezaliwa mwanzo wa giza mahali kama hapo, jua anasimuliwa tu na wazee mpaka yeye mwenyewe ana wajukuu. Hiyo tayari ni riwaya.

Titan, mwezi wa Zohali, una mvua na mito na maziwa lakini sio ya maji, ni methani, kwenye baridi ya nyuzi kama 179 chini ya sifuri, hewa yake ni nzito kuliko yetu na uvutano ni asilimia 14 tu ya wa hapa, mtu akijifunga mabawa mikononi anaweza kupaa kwa nguvu zake. Na Mirihi machweo yake ni ya bluu, mchana ndo anga ina rangi ya vumbi.

Nje ya mfumo wetu ndo usiseme. Tangu mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walipotangaza sayari ya nyota iitwayo 51 Pegasi, inayoizunguka nyota hiyo kwa siku 4 tu, zimegunduliwa maelfu. Nyota iitwayo TRAPPIST-1 ina sayari 7 zimebanana karibu nayo, ukisimama kwenye moja jirani yake anaweza kuonekana angani mkubwa kuliko mwezi wetu unavyoonekana kwetu.

Kwa hiyo badiliko lako linaweza kuwa uvutano, mzunguko, mhimili, hewa, mwezi au aina ya nyota. Kwenye fantasia pia ni hivohivo, ukitaka mito ipande mlima badala ya kushuka ni sawa kabisa, ila ujue mvuvi wa huko anavua wapi.

Hatua ya 2: lifuate mpaka mwilini

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Nitatumia mfano mmoja tu mpaka mwisho, sayari isiyogeuka mbele ya nyota yake, upande mmoja mchana daima, upande wa pili usiku daima, kama mwezi wetu unavyotuonesha uso ule ule siku zote. Wataalamu wanaona Proxima b, iliyogunduliwa 2016 kwenye nyota iliyo jirani kuliko zote na jua letu, inawezekana sana iko hivo, na mwaka wake ni siku kama 11.

Wengi wakifika hapo wanaandika "upande mmoja moto, upande mmoja barafu, watu wanaishi katikati" basi wanaendelea na vita. Usikimbie. Jiulize maswali ya mtu anayeishi. Kivuli chake kinafanyaje? Ukisimama sehemu moja kivuli hakisogei maisha yako yote, ukutani kwa bibi yako kuna kivuli cha nguzo ambacho kilikuwepo hapo hapo tangu nyumba inajengwa. Ila ukitembea kuelekea jua kinafupika, ukilipa mgongo kinarefuka, kwa hiyo kwao kivuli hakisemi ni saa ngapi, kinasema uko wapi, na msafiri aliyepotea anapima kivuli chake kwa hatua. Majani ya miti yote yameangalia upande mmoja. Nguo inaanikwa upande mmoja wa nyumba na chakula kinahifadhiwa upande wa pili kwenye kivuli cha milele, na huo upepo wa baridi unaotoka gizani chini kwa chini kwenda kwenye joto haupumziki, kwa hiyo jiko halijengwi upande wa upepo hata siku moja.

Alafu usingizi. Hakuna usiku wa kuwaambia watu walale, nani anawaambia? Mimi kwenye stori yangu niliweka mpiga pembe. Akipiga, mji mzima unafunga madirisha unalala. Sasa mpiga pembe akifa na wanaogombania pembe wakawa wawili, mji unagawanyika, nusu wanalala wenzao wakiwa macho, mume na mke hawaonani. Sikuitafuta hiyo stori, ilikuja yenyewe kwa kufuata swali moja la usingizi, na ndo maana nasisitiza hatua hii kuliko zote.

Hatua ya 3: pitia maneno yako

Kiswahili kimejaa jua. Sisi saa tunaanza kuzihesabu jua likitoka na tunaanza upya likizama, sasa pasipotoka jua saa moja inaanzia wapi? Asubuhi, alasiri, jioni, usiku kucha, mchana kutwa, kumekucha, yote hayo hayana mahali pa kusimama huko. Hata methali, "usiku wa deni haukawii kucha", mtu wa sayari ile hawezi kuitunga. Mashariki na magharibi ndo kabisa.

Usiogope, hapo ndo utamu ulipo. Kaskazini na kusini zimetokana na pepo, kaskazi na kusi, basi na wewe wape watu wako pande kwa kile walichonacho: kwa-jua na kwa-barafu, upeponi na mgongoni. Badala ya kesho waseme "pembe ijayo". Badala ya habari za asubuhi waulizane "umeamkia upande gani". Umri pia uangalie, mwaka ukiwa siku 11 kijana wa miaka yetu 30 kwao ana karibu 1,000, kwa hiyo hakuna atakayehesabu umri kwa miaka, watahesabu kitu kingine, labda idadi ya wapiga pembe aliowazika.

Nachofanya mimi ni kusoma rasimu nzima nikiwa na kalamu, kila neno la wakati au mwelekeo nalipigia mstari, alafu nalijibu moja moja. Ni kazi ya siku 2 au 3 lakini ndo inayobadilisha kila kitu.

Hatua ya 4: viumbe, na silaha yetu ya ngeli

Hiki kitu tunacho sisi na tunakiacha kilale. Angalia: "Kile kimesimama mlangoni." "Lile limesimama mlangoni." "Yule amesimama mlangoni." Sijakueleza kiumbe kikoje, rangi, macho mangapi, lakini umeshajua anayeongea anamwonaje. Kwanza ni kitu, pili ni kitisho, tatu ni mwenzetu. Sarufi ya shule itakwambia kiumbe huchukua huyu, sawa, ila mhusika wako anayeogopa hajali, ataita hiki.

Basi itumie. Kwenye sura za mwanzo mgeni awe lile, watu wakimzoea awe kile, alafu siku mtoto mdogo anamwita yule kwa mara ya kwanza mbele ya watu wote, chumba kizima kinyamaze. Huna haja ya kuandika "walianza kumheshimu".

Na mwili wa kiumbe utokane na badiliko lako la hatua ya 1. Uvutano mkubwa, miguu mifupi minene na kuanguka ni kifo. Giza la kudumu, asahau macho au awe na makubwa kweli kweli.

Hatua ya 5: majina

Fupi, yatamkike. Msomaji akishindwa kulisema kimoyomoyo analiruka, na akiruka jina ameruka mtu.

Hatua ya 6: ficha

Ulichojenga kiwe kingi, unachoonesha kiwe kidogo. Ukurasa wa kwanza usiwe somo la jiografia. Anza na mtu anayetaka kitu, na sayari imzuie. "Alipima kivuli chake, hatua tisa, bado alikuwa mbali na nyumbani." Sentensi moja hiyo imebeba sayari nzima, msomaji hajaelewa bado na hiyo ni sawa, atasoma ya pili kwa sababu hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu mimi fizikia ilinishinda tangu shule, naweza kweli kuandika hizi stori?

Unaweza ndugu yangu. Unachohitaji ni namba chache za kukuongoza. Mfano Mirihi uvutano ni asilimia 38 ya wetu, mtu wa kilo 60 mizani za hapa kule zitasoma kama 23. Na usidhani sayari kubwa lazima ikukandamize, Zohali ina tungamo (wingi wa vitu ndani yake) mara 95 ya dunia lakini juu ya mawingu yake uvutano unakaribia kulingana na wetu, kwa sababu imevimba haijashikana. Ukijua hivo viwili unaandika bila woga.

Mkuu, watu wangu wanatoka duniani wanaenda kwenye nyota nyingine, wanafikaje bila kuzeekea njiani?

Swali zuri mno. Chombo cha anga Voyager 1 kilirushwa 1977 na kinakwenda kilomita kama 17 kwa sekunde, kwa mwendo huo nyota jirani kabisa, iliyo umbali wa miaka 4.2 ya nuru (yaani nuru yenyewe inatumia miaka 4.2 kufika), ingekichukua zaidi ya miaka 70,000. Kwa hiyo lazima uchague: chombo ambacho wajukuu ndo wanafika, usingizi wa barafu, au mlango wa kubuni wa kupita haraka. Chochote utakachochagua kiwe na bei. Mlango usio na bei unaua stori, maana kila tatizo mhusika atalikimbia. Na mawasiliano pia msiyasahau, hata Mirihi hapo tu ujumbe unachukua kati ya dakika 3 na 22 kwenda, mama hawezi kubishana na mwanae kwa simu.

Kwenye fantasia nina mchawi kwenye sayari yenye miezi miwili, je hatua hizi zinanihusu?

Tena sana dada. Anza na miezi yenyewe kabla ya uchawi. Mwezi ndo unaovuta maji kujaa na kupwa, na ungekuwa nusu ya umbali ulipo sasa nguvu hiyo ingekuwa mara 8. Ukiwa na miezi miwili, siku zikipangana mstari mmoja unapata bamvua, maji kujaa kupita kiasi, ambayo hakuna kijiji cha ufukweni kinabaki, siku zikikaa kwenye pembe ya nyuzi 90 bahari inatulia. Sasa uchawi wako uufunge hapo hapo, mchawi awe na nguvu siku ya bamvua, siku ambayo watu wake wanazama. Achague aokoe au apate nguvu.

Sayari yenye majua mawili ipo kweli au ni ya sinema tu?

Ipo. Kepler-16b ilitangazwa 2011, inazunguka nyota mbili kwa siku 229. Yenyewe ni ya gesi, huwezi kusimama, lakini mwezi wake wa kubuni mpe mtu wako akae. Na kumbuka vivuli viwili, kimoja kikali kimoja hafifu, watoto wa huko lazima wana mchezo wa kukanyagana vivuli na sheria zake ni ngumu kuliko zetu.

Nimeshaandika sura 11 na sura ya 1 yote ni historia ya sayari, miaka 3,000 ya wafalme. Nifute?

Usifute, ihamishe iwe daftari lako la siri, utaihitaji kila ukikwama. Alafu fungua sura ya 2, tafuta mahali pa kwanza ambapo mtu anaumia au anataka kitu kwa moyo wote, stori ianzie hapo. Wafalme watajileta wenyewe mtu akiapa kwa jina la mmoja wao au akitema mate akipita kaburini kwa mwingine. Ukimaliza nitumie hizo kurasa 2 za mwanzo, nitazisoma kwa furaha.