Meza ngapi, viti vingapi wiki hii?

Karakana yetu ya Keko, Dar es Salaam, ina mbao 40 na saa 90 za mafundi kwa wiki. Meza moja hula mbao 4 na saa 6. Kiti, mbao 1 na saa 3. Nikishatoa gharama, meza hubakiza shilingi 40,000, kiti 15,000. Zamani nilitengeneza meza tu, nikawa napoteza laki nzima kila wiki.

Andika mipaka kwanza (m ni idadi ya meza, k ni idadi ya viti):

4m + k ≤ 40
6m + 3k ≤ 90

Chora mistari yote miwili, kisha pima faida kwenye kila pembe ya eneo lililo chini ya mistari yote miwili. Meza 10 pekee: 400,000. Viti 30 pekee: 450,000. Mistari inapokatana, meza 5 na viti 20: 500,000.

Sasa tikisa namba. Tafadhali usiiruke hatua hii. Ukiongeza mbao 2, jibu linakuwa meza 6, viti 18, faida 510,000. Kwa hiyo mbao ya ziada nainunua hata ikizidi bei ya kawaida, mradi isizidi kwa 5,000. Saa 6 za ziada huleta 20,000.

Faida ya meza ikiyumba kati ya 30,000 na 60,000, mpango haubadiliki. Ikishuka chini ya hapo, viti tu.

Bidhaa zikifika tatu, tumia Solver, zana ya Excel inayokutafutia jibu bora.