Mlinzi akimkosa mpokeaji, usimwongezee kasi kwanza
Wenzangu wa Kigoma mnaotengeneza gemu za futiboli ya Kimarekani, mlinzi akipitwa kila mara na mpokeaji, yaani yule anayekimbia kudaka mpira unaorushwa, msikimbilie kumwongezea kasi. Fungeni kwanza namba inayoanzisha bahati nasibu ya gemu (seed), isibadilike, ili shambulizi lilelile lijirudie vilevile. Bila hivyo mnakimbiza kivuli. Kisha mchoreeni kila mmoja wa wachezaji 22 walio uwanjani mstari kutoka miguuni hadi anapolenga, na mwendeshe gemu picha moja moja (fremu kwa fremu). Hata laptop kuukuu za hapa Mwanga zinaweza. Mara nyingi mstari wa mlinzi unaishia pale alipo mpokeaji sasa hivi, wakati ulitakiwa uishie atakapokuwa muda mfupi mbele. Hilo ni kosa la hesabu ya pembe, na kasi hailitibu kamwe. Mstari ukiwa sahihi naye bado anachelewa, ndipo mguse mbio zake.