Kabla hujazimwagia seli bakteria

Ukiona nukta ya kijani imemzunguka bakteria ndani ya seli kwenye hadubini, mkono hukimbilia kuandika "ameliwa". Ngoja kwanza. Nukta hiyo ni LC3, protini ya seli iliyotiwa rangi, inayojibandika kwenye utando unaomzingira mvamizi. Kuwepo kwake hakukuambii kama utando umeshafunga, wala kama aliyemo ndani amekufa. Hayo utayajua tu ikiwa ulijiandaa kabla ya siku ya jaribio.

Uelewe kwanza mlolongo wenyewe. Otofajia ni usafi wa kila siku wa seli: utando wa tabaka mbili huzingira takataka, mfuko huo huungana na laisosomu, kifuko cha seli chenye asidi na vimeng'enya, na vilivyomo husagwa. Ikimlenga mvamizi huitwa zenofajia. Salmonella ndiye aliyechunguzwa sana. Huingia ndani ya seli akiwa amefunikwa na kipovu cha utando, na wengi hutulia humo humo. Wachache hukipasua. Kipovu kikipasuka, sukari zilizokuwa zimejificha upande wa ndani hubaki wazi. Protini ya seli iitwayo galektini-8 huzidaka, kisha huivuta protini iitwayo NDP52. Bakteria aliyetokea kwenye saitoplazimu, yaani ute wa ndani ya seli, hupakwa yubikwitini, alama ile ile inayowekwa kwenye protini mbovu. Protini za kupokea alama, kama p62, optineurini na NDP52, huishika alama hiyo kwa mkono mmoja na LC3 kwa mkono mwingine. Kwa hiyo amua mapema unataka kuona hatua ipi: kupasuka kwa kipovu, kupakwa alama, kuzingirwa, au kufa. Kila moja ina kipimo chake.

Halafu kagua chakula cha seli. Wengi hukuza seli zikiwa na penisilini na streptomaisini ili zisichafuke, na dawa hizo zinapaswa kuondolewa kabla ya maambukizi. Niliwahi kusahau. Idadi ya bakteria ilishuka vizuri ajabu, nikashangilia ulinzi wa seli kwa wiki nzima, kumbe ni dawa iliyobaki ndiyo ilikuwa ikiua. Hakikisha pia chakula hakijachoka: seli zikikosa amino asidi huanzisha otofajia hata kama hakuna mvamizi, nawe utadhani bakteria ndiye chanzo. Vipimo vya mikoplazma, bakteria wadogo mno wanaochafua seli za maabara, vifanywe mapema, kwa sababu hadubini ya kawaida haiwaonyeshi na penisilini haiwagusi.

Bakteria nao wana wakati wao. Salmonella waliokua usiku kucha hadi kuchoka hawavamii vizuri. Wazimue asubuhi, waache wakue saa tatu hivi, uwatumie wakiwa bado wanaongezeka kwa kasi. Baada ya kuwaruhusu waingie, dawa ya gentamisini huua waliobaki nje, kwa kuwa haipenyi kirahisi ndani ya seli. Panga saa zako pia. LC3 huonekana zaidi kwa Salmonella takriban saa moja baada ya maambukizi, kisha hupungua. Anayekusanya sampuli saa ya sita peke yake atakuta karamu imekwisha.

Sampuli za kulinganishia ndizo ninazozing'ang'ania kuliko kitu kingine. LC3 ikiongezeka ni kama maji kupanda kwenye sinki: labda bomba limefunguliwa zaidi, labda tundu limeziba. Andaa bafilomaisini, inayozuia laisosomu kupata asidi. Ukiiweka na LC3 ikapanda zaidi, njia ilikuwa wazi. Isipopanda, huenda ilikuwa imeziba tangu mwanzo. Andaa pia seli zisizo na FIP200, protini inayohitajika kuanzisha otofajia. LC3 hujibandika hata kwenye utando wa tabaka moja, njia isiyohitaji FIP200, na kwa hadubini ya kawaida hutatofautisha. Hapo ndipo watu wengi huteleza, hata wazoefu.

Usichague bakteria kwa sababu tu yupo kwenye friza. Shigella hutumia protini iitwayo IcsB kujificha asitambuliwe. Legionella humwaga RavZ, kimeng'enya kinachoikata LC3 kwenye utando kiasi kwamba haiwezi kubandikwa tena. Salmonella naye ana SopF, inayozuia sehemu ya LC3 kufika kwenye kipovu chake. Ukimtumia mmojawapo, uwe na aina iliyoondolewa jeni ya protini hiyo, la sivyo utapima ujanja wa bakteria ukidhani ni uvivu wa seli.

Mwisho, sahani za agari za kuhesabia walionusurika. Zimwage siku moja kabla, uziache zikauke vizuri. Zikiwa na unyevu juu, makoloni yataungana na hutakuwa na la kuhesabu.